SOMO LA SHERIA: MBWA WA KAMBA NA MBWA ALIYEACHIWA, DHIMA NI YA NANI?



Ugomvi wa mbwa wawili huonekana jambo dogo hadi pale wenye mbwa wanapoanza kugombana wao. Mmoja husema, "Wangu nilimfunga kamba," akaamini kwamba kwa kauli hiyo shauri limekwisha. Mwengine husema, "Wangu ndiye aliyejeruhiwa," naye akaamini vivyo hivyo. Inafaa ieleweke kwamba hakuna kauli hata moja kati ya hizo mbili inayotosha peke yake.

Na tuchukue mfano. Mlinzi wa nyumba anamtembeza ufukweni mbwa wa tajiri wake, kamba mkononi. Mbwa wa jirani, asiye na kamba wala mtu wa kumwita, anamwendea mbio. Wanashikana. Yule wa kamba ni mkubwa zaidi, naye anamng'ata mwenzake shingoni. Mlinzi anatia mkono ili awaachanishe, naye anang'atwa. Nani alipe gharama ya daktari wa mifugo, na nani alipe matibabu ya mlinzi?

Kwa mwenye mbwa aliyeachiwa, swali la kwanza ni kwa nini mbwa wake alikuwa pahala pale bila ya mtu. Aliyemwachia mnyama mahali wanapopita watu ameuacha uwezo wa kumzuia, na mbwa wake alijeruhiwa kwa kuwa alikwenda mwenyewe kumvaa mwenzake. Kwa hiyo dai lake la fidia ni dhaifu tangu mwanzo, hata kama jeraha la mbwa wake ndilo kubwa. Ukubwa wa jeraha hauoneshi nani aliyekosa.

Lakini kamba nayo haimsafishi mwenye kuishika. Kamba ndefu ya kuburuzwa, au iliyo mkononi mwa mtoto asiyeweza kumzuia mnyama, ni kamba kwa jina tu. Vile vile aliyemwona mbwa mwengine anakuja, akalegeza kamba ili "wajuane", ameshiriki katika yaliyofuata.

Jambo zito kuliko yote ni ujuzi wa tabia ya mbwa. Hapa sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 kuhusu wanyama inafaa kusomwa, si kwa kuwa inamfunga hakimu wa Zanzibar, bali kwa kuwa imeipanga hoja vizuri. Kwa sheria hiyo, mtunzaji wa mbwa mwenye tabia ya hatari isiyo ya kawaida, naye akiijua, hulipa madhara yatokanayo na tabia hiyo hata kama hakufanya uzembe wowote siku ya tukio. Tena ujuzi wa mtumishi anayemtunza mbwa huhesabiwa kuwa ni ujuzi wa bwana wake. Tajiri hawezi kusema hakujua kwamba mbwa wake huvamia mbwa wenzake ilhali mlinzi wake analijua hilo kila siku.

Mwaka 1990 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri linalofanana na somo letu. Mtu alikuwa akitembea na mbwa wake. Mbwa wa mtu mwengine, aliyejulikana kwa kushambulia mbwa, akamrukia huyo mbwa, na katika rabsha hiyo mwenye mbwa akaangushwa akavunjika mguu. Mdaiwa alijitetea kwamba mbwa wake alikuwa adui wa mbwa, si wa watu. Mahakama haikuukubali utetezi huo. Mbwa wa kutembezwa huwa na mtu pembeni yake, na anayemrukia mbwa huyo aweza kumwangusha na mtu.

Katika vitabu vya fiqhi ya Shafi, aliye pamoja na mnyama hudhamini alichokiharibu mnyama huyo, usiku na mchana. Na mbwa mwenyewe hana thamani ya kulipwa. Sheria ya Kiingereza, kinyume chake, humhesabu mbwa kuwa mali. Msomaji ataona kwamba mizani hizo zinatofautiana juu ya mnyama, ila juu ya mtu aliyejeruhiwa hazifiki mbali.

Sasa turudi kwa mlinzi wetu. Tajiri aweza kusema, "Nani alimtuma atie mkono?" Sheria hiyo ya 1971 imeshaijibu kauli hiyo: mtumishi anayekabili hatari iliyomo ndani ya kazi yake hahesabiwi kuwa ameikubali kwa hiari. Kumtembeza mbwa ilikuwa kazi yake. Kwa rai ya mwandishi, tajiri ndiye wa kwanza kumtibu mlinzi, kisha amwendee jirani yake kudai sehemu inayomhusu.

Hata hivyo mkono usitiwe. Mbwa wawili wakishikana hung'ata kilicho karibu, hata mkono wa anayewapenda. Ndoo ya maji, ubao wa kuwatenga au kelele kubwa hufaa zaidi. Mwenye kamba naye akumbuke kwamba mbwa aliyekazwa hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia hupigana. Bora ageuze njia mapema.

Liko jambo lisilongoja sheha wala hakimu. Kichaa cha mbwa hupita katika mate, na dalili zikishadhihiri kwa binadamu, takriban hakuna anayepona. Kisiwa cha Pemba kilikwisha kuondokana na maradhi haya mwaka 2014; mwaka 2016 yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ilibidi mbwa wachanjwe upya hadi yakatoweka mara ya pili mwaka 2018. Kwa hiyo aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeng'ata mtu asiuliwe kwa hasira: afungwe, apewe chakula na maji, na daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10. Mbwa wote wawili wapelekwe kwa daktari huyo, aliyechanjwa na asiyechanjwa.

Anayekusudia kudai aandike mapema saa na mahali, urefu wa kamba, nani aliyeishika, mbwa yupi aliyemwendea mwenzake, na majina ya walioona. Aweke kadi ya chanjo na risiti za matibabu. Kama mbwa wa upande wa pili alikwisha kung'ata kabla ya siku hiyo, atafutwe mtu aliyeshuhudia, si aliyesikia.