Chelezo Kikubwa au Kidogo?

Wakulima wa skimu zilizo karibu na Ghuba ya Winam wanapoungana kununua chelezo cha injini kilichokwisha kutumika, ili wavushe mahindi hadi soko la ng'ambo, huenda wakaonyeshwa viwili: kikubwa na kidogo. Ubishi huwa juu ya bei tu. Kabla hamjatoa fedha za kikundi, fanyeni hesabu hii. Kalamu na karatasi vyatosha.

Chelezo ninachosema ni sakafu ya mbao iliyowekwa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Mzigo haubebwi na sakafu, hubebwa na mapipa. Basi acha kustaajabia upana wa sakafu, pima pipa. Chukua nusu ya upana wa pipa, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu wa pipa.

Tuseme mapipa ya kile kikubwa yana urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 60. Kila pipa ni kama lita 1,695, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mapipa mawili yatabeba kilo 3,390 ndipo yazame yote. Usithubutu! Yasizame kupita nusu, yaani kilo 1,695. Toa uzito wa chelezo na injini, tuseme kilo 900, zinabaki 795. Watu watatu wa kilo 70 ni 210. Basi magunia ya kilo 90 ni 6 tu, ingawa sakafuni pana nafasi ya 20. Nafasi hiyo ndiyo inayoua watu.

Kidogo chenye mapipa ya mita 5 kwa sentimita 50, na uzito wa kilo 550, kitachukua watu wawili na magunia 3. Kama kibao cha kiwanda kipo na kinataja mzigo mdogo kuliko hesabu yako, fuata kibao.

Sasa hesabuni magunia yenu ya kila wiki, si ya wiki moja ya mavuno. Wenye magunia 12 watakwenda safari 2 kwa kikubwa, au 4 kwa kidogo. Hapo kikubwa chafaa, hata kama injini yake hunywa petroli zaidi. Wenye magunia 3 wakinunua kikubwa watalipia petroli ya kusafirisha sakafu tupu. Lakini msinunue kidogo huku mkijua kwamba siku ya soko mtakijaza kupita kiasi.

Kikubwa kinachovuja hakina faida juu ya kidogo kizima. Tazama viungo vilivyochomelewa, na kanyaga mbao za sakafu karibu na injini, maana huko huoza upesi. Mwombe mwenye chombo kilale majini usiku mmoja. Asubuhi kikiwa kimeinama upande, pipa lina maji.

Hata kile kikubwa si chombo cha ziwa wazi. Alasiri upepo hutoka ziwani na mawimbi huinuka, kwa hiyo vukeni asubuhi, tena si mahali palipofungwa na magugu maji, kwani hujisokota kwenye rafadha. Bei ya jaketi za kuokolea, moja kwa kila mtu, iingizeni katika bei ya chombo tangu siku ya kwanza ya mapatano.