Mnyoo Unaokuja kwa Jina la Rafiki

Mei 2000, watu wengi duniani walifungua barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU". Ilianzia Ufilipino, lakini haikutoka kwa mgeni. Kila aliyeipokea aliiona imetoka kwa mtu anayemfahamu, bosi au shemeji. Kiambatisho chake kilionekana kuwa maandishi ya kawaida, .txt, kumbe mwisho halisi wa jina ulikuwa .vbs, yaani programu, na Windows ilikuwa imeuficha. Ukibofya, mnyoo unachota anwani zote kwenye Outlook na kujituma kwa kila mmoja kwa jina lako. Kisha unajaribu kushusha programu nyingine ya kukusanya nywila na kumpelekea aliyeutengeneza.

Hapo ndipo mnyoo unapotofautiana na virusi. Virusi hujibandika kwenye faili na kungoja faili hilo lihamishwe. Mnyoo hujinakili na kusafiri wenyewe.

Mwaka 2001 ukaja Sircam, na kwangu huo ulikuwa na aibu zaidi. Uliokota faili kwenye folda ya nyaraka zako, ukajichomeka humo, ukalituma kwa watu huku ukiwaomba ushauri. Rasimu ya mkataba au barua ya kuacha kazi ingeweza kumfikia asiyehusika kabisa.

Conficker, wa mwishoni mwa 2008, haukuhitaji hata barua. Ulipenya kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walikwishatoa dawa yake Oktoba mwaka huohuo, na aina zake za baadaye zikakisia nywila dhaifu za mtandao wa ofisi na kupanda flashi. Ukichapisha nyaraka stationery, flashi yako huingia kwenye mashine iliyokwishapokea flashi za mtaa mzima. Ikague kwa antivairasi kabla ya kuifungua nyumbani, na masasisho usiyaahirishe kila siku.

Weka kompyuta yako ionyeshe majina kamili ya mafaili. Ukipata kiambatisho usichokitarajia, hata cha ndugu, mpigie simu kwanza aliyekituma umuulize.

Ukishakibofya, zima Wi-Fi au chomoa waya wa mtandao mara moja. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Halafu waarifu watu wako kwa simu. Barua pepe kutoka kwako wasiifungue kwanza.