Muuguzi ni Mlinzi wa Figo Mpya

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa aliyepandikizwa figo huwa amepona pindi daktari anapomaliza kumshona. Sivyo. Upasuaji huchukua saa chache tu, lakini kuitunza figo hiyo ni kazi ya maisha, na mwalimu wa kazi hiyo ni muuguzi.

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja. Zile za zamani mara nyingi huachwa mahali pake. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, muuguzi hupima mkojo wake kila saa, na kuangalia shinikizo la damu, joto la mwili na kidonda. Mkojo ukipungua ghafla, humwita daktari mara moja. Huenda mpira wa mkojo umeziba, maji mwilini yamepungua, au damu haifiki kwenye figo.

Hata hivyo, adui mkubwa ni kinga ya mwili. Mwili huiona figo hiyo kuwa kitu kigeni na kuishambulia. Ndiyo maana figo iliyopandikizwa kwa mafanikio mjini Boston, Marekani, mwaka wa 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana. Wagonjwa wengine huhitaji dawa za kupunguza nguvu za kinga, kama vile takrolimasi na prednisoloni.

Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi atahakikisha umeelewa haya:

• Meza dawa kwa saa zile zile, kwa mfano saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

• Siku ya kupimwa kiwango cha takrolimasi, usimeze dozi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu.

• Usile balungi. Huzidisha dawa hiyo mwilini.

• Nawa mikono mara kwa mara, kwani kinga yako imepunguzwa.

• Joto likifika digrii 38, mkojo ukipungua, miguu ikivimba au sehemu ya figo ikiuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

• Usitumie ibuprofeni wala miti shamba bila kuuliza.

Hatari huzidi baadaye, mgonjwa anapojihisi mzima na kuanza kuruka dozi. Msomaji, kujihisi vizuri ni ishara kwamba dawa zinafanya kazi, si kwamba hazihitajiki tena. Mwili unaweza kuikataa figo pasipo maumivu yoyote, ukarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Na jamaa aliyekupa figo yake hana nyingine ya kukupa.

Ikiwa bei ya dawa imekulemea, mwambie muuguzi wako kabla hazijaisha.