Usiufiche Uhasibu Wako

Wadogo zangu, swali la wiki hii mmeniletea wengi: “Dada, nina shahada ya uhasibu lakini roho yangu iko kwenye kompyuta. Nirudi chuo?”

Usikimbilie chuo. Ada ile ni pesa ya mtu, na mara nyingi ni ya mama.

Pakua Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Kompyuta huhifadhi namba kwa sifuri na moja, na 0.1 haiandikiki humo ikaisha, kama theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Mwenzako aliyesoma kompyuta anaweza kuipita akaendelea na shughuli zake. Wewe uliyekesha ukisaka shilingi moja iliyovuruga urari, huipiti. Utauliza: kwenye mikopo ya Saccos nzima, chembe hizi zinaishia kwa nani? Hilo ndilo swali la kazi yenyewe. Dawa yake ni kuhifadhi fedha kwa senti nzima, au kutumia Decimal, aina ya namba inayohifadhi desimali kama ulivyoziandika, imo humo humo ndani ya Python.

Kwa hiyo uhasibu uuweke juu kabisa kwenye wasifu wako. Kisha tengeneza programu ndogo ya kikoba cha mtaani kwenu: michango, mikopo, faini za wachelewaji (hizo ndizo zenye ugomvi). Ipandishe GitHub, tovuti ya kuweka programu, usailini uwe na cha kuonyesha. Omba pia nafasi za kupima programu na za kuhudumia wateja wa mifumo ya hesabu.

Na si lazima uwe umesomea kompyuta ili uanze: Ory Okolloh wa Kenya ni mwanasheria. Katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 alitoa wazo la ramani ya matukio, wajuzi wa programu wakaijenga, na mwaka 2008 Ushahidi ikazaliwa. Hakusubiri shahada ya kompyuta.

Lakini sikudanganyi: matangazo mengi ya ajira serikalini hutaja shahada wanayoitaka, na hapo utakwama. Kazi uliyonayo pia usiiache sasa, ndiyo inayokununulia bando. Masomo ya kompyuta ya CS50, ya Chuo Kikuu cha Harvard, ni ya bure mtandaoni, ila Kiingereza chake kinakwenda mbio, rudia video bila aibu.

Na yeyote anayekuahidi ajira baada ya miezi mitatu, mradi umlipe kwanza, mwombe namba za simu za waliokwisha kuajiriwa. Uwapigie mwenyewe.