Wanyama wa Njiani na Uani: Kijitabu kwa Wakazi wa Adams Arcade na Mitaa ya Magharibi mwa Nairobi

Adams Arcade iko kando ya Barabara ya Ngong, kati ya maghorofa ya Kilimani, nyumba za zamani za Woodley na Kibera. Licha ya maduka, soko la Toi na msongamano wa matatu, eneo hili lina wanyamapori wengi kuliko wakazi wake wanavyodhani, na chanzo chao ni misitu na mito iliyo karibu. Upande wa magharibi, kupita Jamhuri na uwanja wa mbio za farasi, upo Msitu wa Barabara ya Ngong. Msitu huo ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimebaki takriban 1,200, na barabara ya Southern Bypass imeupasua. Kaskazini mashariki ipo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka ya kuni za garimoshi. Mto Kirichwa Kubwa unaopita hapo huacha ukanda mwembamba wa vichaka nyuma ya majengo, na ukanda huo ndio njia ya ndege, kima na nguchiro. Kusini, ng'ambo ya Lang'ata, iko Mbuga ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita za mraba 117, iliyofunguliwa mwaka 1946.

Wanaoonekana barabarani

Mwendesha baiskeli huona zaidi ya abiria wa matatu kwa sababu haendi kasi, hana kioo mbele yake na husikia. Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, kabla ya moshi na honi kuzidi.

Wa kwanza kusikika ni kwarara. Ndege huyu wa rangi ya kahawia yenye mng'aro wa kijani begani hupita juu ya paa alfajiri akipiga kelele za kuamsha mtaa mzima, kisha hutua kwenye nyasi na kudunga udongo kwa mdomo wake mrefu uliopinda, akitafuta minyoo na mabuu. Uwanja wowote wa nyasi uliolowa mvua, wa shule au wa kanisa, humfaa. Yangeyange, mweupe na mwembamba, hutembea kwenye nyasi hizo hizo akifuata wadudu wanaorushwa na mashine ya kukatia majani kama vile angefuata ng'ombe.

Juu angani huzunguka mwewe, anayetambulika kwa mkia wenye panda. Huyu ameishi na watu wa mjini hata akajua ratiba ya mapumziko ya shule: hushuka ghafla na kunyakua kipande cha nyama au chapati mkononi mwa mtoto. Hashambulii watu, anacholenga ni chakula, na anayekula chini ya mti au paa hana la kuogopa. Kunguru wa Nairobi ana rangi nyeusi na shingo na kifua cheupe. Asichanganywe na kunguru wa India mwenye shingo ya kijivu anayesumbua Mombasa na Malindi, ambaye mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kumwangamiza. Yule wa Nairobi ni mwenyeji wa Afrika.

Anayeteremka hadi kwenye mzunguko wa Nyayo hukutana na marabu, korongo mkubwa mwenye kichwa cha upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Wengi humwona kuwa kero, kwa kuwa kinyesi chake huchafua magari na waendao kwa miguu chini ya migunga anapojenga viota. Miguu yake huonekana myeupe kwa sababu hujinyea makusudi ili ipoe. Ukiacha uchafu huo, ndege huyu hula mizoga na mabaki ya machinjio, na wingi wake mjini ni kipimo cha taka zisizozolewa. Kumfukuza mitini bila kusafisha jaa ni kazi bure.

Ndege wadogo wanahitaji subira kidogo. Kiluwiluji, mweusi kwa mweupe, hukimbia kando ya mitaro akitikisa mkia bila kukoma. Kurumbiza huimba kabla jua halijachomoza. Chozi huning'inia kwenye maua ya ua wa nyumba, na kuzumburu mwenye mkia mrefu hutambaa vichakani kama panya. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo keremkerem wanaosikika wakipita makundi kwa makundi juu ya miti. Katika Arboretum na Msitu wa Karura kuna kulukulu, ambaye akiwa ametulia ni wa kijani na buluu, lakini akiruka hufunua mbawa nyekundu kama damu.

Kwenye njia za msituni mambo hubadilika. Kima na tumbili huvuka bila kuangalia, na aliye nyuma kabisa huwa mtoto; inafaa kusimama hadi kundi lote lipite. Siafu wakivuka njia, baiskeli ivukishwe haraka na isiegeshwe hapo. Nyuki wakichafuka, mwendeshaji asipige mikono hewani. Afunike uso na kuondoka moja kwa moja, mbali iwezekanavyo, kwani nyuki wa Afrika hufukuza kwa mamia ya mita. Jioni, nyoka aitwaye piri hupenda kulala kwenye njia ya udongo iliyobaki na joto, wala hakimbii akisikia kishindo. Hutegemea rangi yake kumficha, na ndiyo maana hukanyagwa. Taa ya mbele iwe na nguvu ya kuonyesha njia, si ya kuonekana na magari tu.

Hata hivyo, mnyama mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kumng'ata mwendesha baiskeli ni mbwa. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu nchini Kenya hutokana na mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Wanaoonekana nyumbani

Nyumbani, hofu na hatari mara nyingi haziendi pamoja. Kinyonga, bundi na mjusi huuawa ilhali hawana madhara, na mdudu anayeunguza ngozi hupondwa kwa kiganja bila wazo la pili.

Mdudu huyo ni yule ambaye mji wote humwita Nairobi fly. Licha ya jina, si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Ni mwembamba, hazidi sentimita moja, ana mikanda ya rangi ya chungwa na nyeusi, na mbawa zake fupi hufunika sehemu ndogo tu ya mwili. Hang'ati wala hana mwiba. Sumu iko ndani ya mwili wake, na hutoka anapopondwa. Ngozi haionyeshi chochote siku hiyo. Kesho yake au keshokutwa hutokea wekundu, kisha malengelenge yanayowaka, mara nyingi kwa mstari kama wa kiboko. Mkono ulioguswa na sumu ukifikicha jicho, jicho huvimba na kuuma sana. Idadi yao hupanda baada ya mvua nyingi, na wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 walienea kupita kiasi. Akitua mwilini apulizwe, au apewe karatasi apande, kisha atolewe nje. Akishapondwa, ngozi ioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na shuka au taulo iliyomgusa ifuliwe. Kwa kuwa huvutwa na mwanga, taa za veranda zizimwe msimu huo na kitanda kiwe na chandarua.

Kinyonga anayepatikana zaidi katika bustani za Nairobi zenye vichaka ni yule ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Jike hazai mayai, bali watoto hai, ambao hujitegemea tangu saa ya kwanza. Katika jamii nyingi za Kibantu husimuliwa kwamba kinyonga alitumwa kuwaletea binadamu habari ya uzima wa milele, akachelewa njiani, na tangu hapo analaumiwa kwa kifo. Ukweli ni kwamba hana sumu, na chakula chake ni wadudu. Adui zake wa leo ni paka, dawa za kunyunyizia maua na ua wa mimea unapong'olewa na kujengwa ukuta wa mawe.

Bundi husingiziwa kuleta msiba. Anacholeta hasa ni kupungua kwa panya, na nyumba yenye bundi jirani haina sababu ya kutega sumu, ambayo humuua yeye pia anapokula panya aliyekwisha kuila. Mjusi kafiri wa ukutani hula mbu na nondo. Popo wala matunda husambaza mbegu, ila popo yeyote aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu. Kelele kama za mtoto anayelia usiku, hasa kuelekea Karen na Lang'ata, kwa kawaida ni za komba. Zile za kukwaruza zinazopanda hadi kuwa mayowe ni za perere. Kalunguyeye akionekana bustanini aachwe ale konokono.

Kima anayeingia jikoni amefundishwa na mtu. Ndizi moja iliyotolewa dirishani humfunza kundi zima, na kima aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya. Dirisha lifungwe, pipa la taka liwe na kifuniko kizito, na asiwepo wa kumtupia chochote.

Nyoka akiingia nyumbani, watu na mbwa waondolewe, mlango ufungwe, mmoja amtazame kwa mbali ili ajulikane alipo, na mtaalamu aitwe. Wengi huumwa wakijaribu kumuua. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisisogezwe, kisichanjwe, kisifungwe kamba, na apelekwe hospitali. Kutoka Adams Arcade, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta haiko mbali.

Wanyama wakubwa

Chui na fisi wapo kwenye misitu ya magharibi na huonekana kwa nadra. Simba ni wa nadra zaidi. Februari 2016 walitoka mbugani na wakaripotiwa kuonekana Lang'ata na Kibera. Mwezi uliofuata mmoja alimjeruhi mtu kwenye Barabara ya Mombasa. Katika hali kama hiyo jambo baya kuliko yote ni umati wenye simu kumzunguka mnyama. Watu waingie ndani na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lenye makao yake Lang'ata, lijulishwe. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, hata akiwa mtoto wa tumbili aliyeokotwa.

Kuweka kumbukumbu

Tarehe, mahali, idadi na alichokuwa akifanya mnyama vinatosha. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa na hupokea orodha za ndege kutoka kwa raia wa kawaida. Orodha ya ndege wa kawaida wa mtaani ina thamani yake, kwa kuwa ndiyo itakayoonyesha miaka ijayo ni nani aliyetoweka majengo yalipoongezeka. Anayetaka kujifunza majina anaweza kujiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia kwenye Makumbusho ya Taifa. Aje na darubini akiwa nayo, na afike mapema.