Kitanda cha Ghorofa: Nafasi Iliyookolewa ni ya Mtoto



Somo letu la leo ni juu ya kitu ambacho kiko katika nyumba nyingi na karibu kila shule ya bweni hapa Kenya: kitanda cha ghorofa, ambacho vijana wanakiita dabo deka. Wazazi wanatuuliza mara kwa mara kama ni vizuri kumnunulia mtoto kitanda hiki. Kamati za shule na wale wanaosimamia makao ya watoto wanauliza jinsi ya kuagiza vitanda vingi bila kupoteza pesa. Jibu letu ni kwamba kitanda hiki ni kizuri, lakini kina masharti.

Lengo la somo: Ukimaliza kusoma uweze (a) kujua mtoto gani anafaa kulala juu, (b) kukagua kitanda kwa fundi kabla ya kulipa, na (c) kukipanga chumbani ili mtoto aweze kutoka haraka usiku.

1. KITANDA HIKI KINATUSAIDIA NINI?

Tufanye hesabu kidogo. Familia nyingi za mjini zinaishi katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, yaani futi 100 za mraba. Kitanda cha wazazi cha futi 4 kwa 6 kinachukua futi 24. Ukiweka vitanda viwili vya watoto vya futi 3 kwa 6, vinachukua futi 36. Sasa zimebaki 40 tu za jiko, meza, viti, ndoo za maji na njia ya kupita. Lakini ukiweka kitanda kimoja cha ghorofa, watoto wawili wanalala juu ya futi 18 peke yake. Umeokoa futi 18.

Swali kubwa la somo hili ni hili: hizo futi 18 ulizookoa utazifanyia nini? Wengi wetu tukiona nafasi tunaijaza. Nyumbani tunaweka kabati au magunia. Shuleni tunaweka kitanda kingine na kuandikisha watoto wengine. Basi faida yote imepotea. Kitanda cha ghorofa kinaongeza mahali pa kulala, lakini hakiongezi hewa, dirisha wala mlango. Nafasi iliyookolewa ni ya mtoto, apumue na apate njia ya kutokea.

2. NANI ALALE JUU, NANI ALALE CHINI?

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 6 asilale juu, hata akilia anataka. Mtoto mdogo hugeuka sana usingizini, na akiamka usiku hakumbuki kwamba yuko juu.

Hawa pia walale chini, hata wakiwa wakubwa:
- Mtoto mwenye kifafa. Akishikwa akiwa juu, hatari ni mara mbili.
- Mtoto anayetembea usingizini.
- Mtoto anayekojoa kitandani. Hii si adhabu. Ni kumrahisishia kuamka, na kumlinda asichekwe na mwenzake aliyelala chini yake.
- Mtoto mgonjwa au mlemavu ambaye ngazi inamsumbua.

Juu alale mtoto mmoja tu. Wawili wakibanana, mmoja anasukumwa ukingoni. Na jambo lingine ambalo tunalisema wazi kwa sababu ya kazi yetu: mgeni mtu mzima akija, hata akiwa mjomba au binamu, asilazwe kitanda kimoja na mtoto. Heri mgeni atandikiwe mkeka chini.

3. MAMBO YA KUKAGUA KWA FUNDI

Mafundi wetu wa jua kali wanajua kazi, lakini wanatengeneza kufuatana na bei unayotaja. Ukisema tu "nataka cha bei ya chini", atapunguza chuma au mbao mahali usipoona. Kwa hiyo nenda na futi ya kupimia, na uulize maswali haya.

(a) Unene wa chuma. Chuma cha mraba kinauzwa kwa geji. Kumbuka kwamba geji inakwenda kinyume: nambari ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Geji 16 ina unene wa karibu milimita 1.5, na geji 18 ni karibu milimita 1.2. Kwa nguzo za kitanda cha ghorofa omba geji 16. Ukitumia mbao, ziwe zimekauka kabisa. Mbao mbichi za saiprasi zikikauka nyumbani kwako zinajikunja, misumari inalegea na kitanda kinaanza kuyumba.

(b) Maungio. Vitanda vingi vinakuja vipande viwili, cha juu kikichomekwa juu ya cha chini. Usikubali kichomekwe tu. Kila nguzo ifungwe kwa bolti na nati. Mahali palipochomelewa pawe pamesuguliwa laini, pasiwe na ncha ya kukata mkono wa mtoto.

(c) Chaga, yaani vibao vinavyobeba godoro. Ziwe nene, kama inchi moja, na zifungwe kwa skrubu au bolti. Chaga zilizolazwa tu bila kufungwa zinateleza. Hapo aliye juu anamwangukia aliye chini, na wanaumia wote wawili.

(d) Vizuizi. Kitanda cha juu kiwe na kizuizi pande zote mbili, hata upande wa ukuta, kwa sababu mtoto anaweza kutumbukia katikati ya kitanda na ukuta akanaswa. Kizuizi kipite juu ya godoro kwa inchi 5 au zaidi. Hapa wazazi wengi wanasahau godoro. Kama kizuizi kiko inchi 9 kutoka kwenye chaga, godoro la inchi 4 linaacha inchi 5, na hiyo ni sawa. Lakini ukinunua godoro nene la inchi 8, kinabaki inchi moja tu, na hicho si kizuizi tena. Kwa hiyo godoro la juu liwe jembamba, na ulipime kabla ya kuagiza kitanda.

(e) Mianya. Nafasi katikati ya fito za kizuizi isizidi inchi 3 na nusu. Ikiwa kubwa kuliko hapo, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki, akanyongwa. Vilevile godoro lijae kitandani kabisa, lisiache pengo pembeni.

(f) Ngazi. Ifungwe imara kwenye kitanda. Vipago vyake viachane kwa kipimo kimoja, na viwe bapa ili mguu ukanyage vizuri. Chuma cha duara chembamba kinauma nyayo, na mtoto akivaa soksi anateleza.

Baada ya kukagua, kijaribu. Watu wazima wawili wakae juu, na wa tatu akishike na kukitikisa. Kikiyumba au kulia, mwambie fundi akaze. Ni vizuri mpatane tangu mwanzo kwamba utalipa nusu kwanza, na nusu baada ya jaribio hili. Akina mama walio katika kikundi wanaweza kuagiza vitanda kadhaa kwa pamoja. Fundi atashusha bei, na mtakagua mkiwa wengi.

4. MAHALI PA KUKIWEKA NYUMBANI

Kwanza angalia juu. Kutoka kwenye godoro la juu hadi darini au kwenye mabati kuwe na futi 3, ili mtoto aweze kukaa bila kugonga kichwa. Nyumba zetu nyingi hazina dari. Angalia kama kuna misumari ya mabati iliyotokeza, na uikunje. Angalia pia nyaya za umeme zinazopita kwenye mbao za paa. Ukiwa chini huzifikii, lakini mtoto aliye juu anazishika akiwa amelala. Taa ya umeme pia isiwe karibu na blanketi.

Pili, kitanda kisiwekwe kuziba mlango, wala karibu na dirisha ambalo mtoto anaweza kuangukia nje.

Tatu, moshi. Moshi na hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo mtoto aliyelala juu ndiye wa kwanza kuuvuta. Koroboi na mishumaa visiwekwe chini ya kitanda wala kwenye ukingo wake. Jiko la makaa lisilazwe ndani kwa ajili ya joto. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

5. KATIKA BWENI

Hapa ndipo jambo linakuwa zito. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi wa Septemba 2024, watoto 21 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Moto unaweza kuanzishwa na mtu au na waya wa umeme. Lakini watoto wanaokoka au wanakufa kufuatana na milango, madirisha na njia iliyo katikati ya vitanda.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008. Unasema hivi kuhusu bweni:
- Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya meta 1.2, ambayo ni karibu futi 4.
- Njia ya katikati isipungue meta 2.
- Milango iwe na upana wa futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wakati watoto wako ndani.
- Kuwe na mlango kila upande wa mwisho, na mwingine wa dharura katikati.
- Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi.

Hebu tufanye hesabu tena. Bweni lina urefu wa futi 24 na vitanda vimepangwa kichwa kikiwa ukutani. Kila kitanda kina upana wa futi 3. Ukiacha futi 4 kati ya kitanda na kitanda, upande mmoja unaingia vitanda 4 vya ghorofa, yaani watoto 8. Pande mbili ni watoto 16. Upande wenye mlango wa dharura huenda ukabaki na vitanda 3, na jumla ikawa watoto 14. Sasa nenda ukahesabu vitanda katika bweni la shule yenu lenye ukubwa kama huo. Ukikuta watoto 30, huna haja ya kungoja mkaguzi aje akuambie.

Tunajua kamati itasema: "Tukipunguza vitanda, tutapunguza karo." Ni kweli, na wazazi tukubali kwamba karo ya chini sana wakati mwingine inalipiwa na msongamano. Jambo hili lizungumzwe wazi katika mkutano wa wazazi, hesabu zikiwa mezani.

6. MATUNZO YA KILA SIKU

Usifunge kamba, mshipi, shuka wala leso kwenye kizuizi ili ining'inie, maana mtoto akicheza anaweza kujinyonga nayo. Chandarua kifungwe juu, na kitandikwe chini ya godoro, kila mtoto chake. Kucheza kwa kurukaruka juu ya kitanda kukatazwe. Kila mwezi kaza bolti na nati zote, kagua chaga, na uangalie kunguni kwenye maungio na kwenye mishono ya godoro.

Mtoto akianguka, asiinuliwe haraka. Kama analalamika shingo au mgongo, au hawezi kusogeza mguu, mwache alivyo na muite msaada. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, au akitoka damu au maji masikioni au puani, apelekwe hospitali mara moja, hata kama hana kidonda.

7. NENO LA MUNGU LINATUAMBIA NINI?

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba anaagizwa aweke kizuizi kuzunguka paa, ili mtu asianguke na mwenye nyumba akabeba hatia ya damu. Sheria hiyo ilitolewa kabla mtu hajaanguka. Haimlaumu aliyeanguka kwa kutokuwa mwangalifu. Inamuuliza mwenye nyumba kama aliweka kizuizi. Na sisi tunaowalaza watoto, wetu au wa wengine, swali hilo ni letu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, ni mtoto gani analala juu? Je, anafaa?
2. Nafasi tuliyookoa kwa kitanda cha ghorofa tumeijaza na nini?
3. Nani kati yetu ameingia bwenini kwa mtoto wake mwaka huu? Milango inafunguka upande gani?
4. Kikundi chetu kinaweza kusaidia familia gani kufunga vizuizi au kubadilisha chaga?

Kazi ya wiki hii: kila mmoja apime kwa futi kizuizi cha kitanda cha mtoto wake, kutoka juu ya godoro. Kikipungua inchi 5, aende kwa fundi kabla ya Jumapili.