Mama Muuzaji wa Mikate, Usitupe Faida Yako

Mama, unauzisha mkate na mayai sokoni? Usijaze mikate yote asubui. Mkate mtupu unaweza kungoja kesho. Wenye mayai hauwezi.

1. Nawa mikono na sabuni. Funika mikate na kitambaa safi.

2. Pika mayai kidogo kidogo. Pasua mkate wakati mnunuzi amesimama mbele yako.

3. Mayai yaliyopikwa yasikae katika joto kupita masaa 2.

4. Mkate mtupu uliokauka, uloweshe katika chai ya moto, mukule nyumbani. Ukiota ukungu, tupa wote.

Mayai yaliyoshinda sokoni, usimupe mtoto mangaribi ukisema, «Yasipotee bure.» Akipata kuhara, faida ya juma itaishia kwenye dawa. Afazali kupika kidogo.